Tarehe Moja kwa Kila Raundi

Siku niliyokabidhi funguo, ninyi wenzangu mliobaki katika ofisi ya habari mliniomba niwaandikie namna ya kuupanga ukurasa wa msimu. Nadhani mlitarajia kielelezo: safu ziwe ngapi, herufi ziwe za ukubwa gani, bendera za nchi zikae upande upi. Hayo mtayapata katika kurasa za zamani, na yeyote mwenye rula na subira anaweza kuyaiga. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo kurasa hizo haziyaonyeshi, likiwamo moja lililomwua mtu. Vyeo nilivyopewa na mishahara niliyolipwa sitavitaja, kwa kuwa havijawahi kumfundisha mtu kazi.

Kwa mgeni atakayeyasoma haya: mashindano yetu ya mbio za magari huzunguka nchi kadhaa za ukanda huu wa maziwa kila mwaka, raundi baada ya raundi, na madereva hukusanya pointi mpaka bingwa apatikane. Ofisi kuu iko ng'ambo, mbali na vumbi. Ofisi ya habari iliwekwa Kamembe, mji wetu mdogo wa mpakani, kwa sababu isiyo na fahari: hapa mtu mmoja aliweza kuusoma waraka wa Kifaransa, akaujibu kwa Kiingereza, akamwelekeza mchapishaji kwa Kiswahili na kuzungumza na mwenye nyumba kwa Kinyarwanda, yote kabla ya chai ya saa nne. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Papa Deo. Baada yake nikawa mimi.

Papa Deo alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kurejea akiwa mtu mzima. Huko alikuwa mpima muda wa mbio, na saa yake ya kupimia aliivaa shingoni chini ya shati, ikigongana na msalaba kila alipoinama. Mimi nilikuwa binti wa fundi cherehani, Mwislamu wa Kamembe, mwenye cheti cha kupiga chapa na majivuno ya kuwa nimesoma vitabu vingi kuliko wasichana wote wa mtaani kwetu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Hakuvitazama. Alinipa ukurasa wa msimu uliopita.

"Umesoma sana, banasema," aliniambia. "Bon. Chukua hii karatasi, enda ku soko, umusomee ule maman mwenye anauzishaka sambaza pale ku mulango. Akisha kusikia, umuulize amesikia nini."

Nilidhani ananidhihaki. Nilikwenda, nikasimama mbele ya meza ya samaki wadogo wa ziwani, nikasoma kwa sauti ya darasani: raundi, nchi, mji wa kuanzia, aina ya njia, kilomita za mbio, pointi. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akifukuza nzi. Nilipomwuliza amesikia nini, alijibu:

"Nimesikia ya kama gari zitakuja. Sasa haujaniambia: ni lini niondoe meza yangu?"

Nilirudi ofisini nimekasirika, nikamweleza Papa Deo kwamba mwanamke yule hakuelewa lolote. Akanyanyua macho.

"Ule maman ameelewa. Ni weye haukumupatia kile alikuwa anatafuta. Enda tena kesho."

Nilikwenda kesho yake, na keshokutwa, na karibu kila juma kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo shule niliyoisoma. Vitabu vyangu vilinisaidia baadaye, hasa katika kujitetea.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mashine ya kupiga chapa iliyokuwa na herufi moja isiyoshuka vizuri, rula ya chuma, karatasi za kaboni, na mashine ya stensili iliyotuachia wino kwenye kucha kama mafundi wa magari. Ukurasa mmoja uliandaliwa kwa siku mbili, nusu ya muda huo ikiwa ni kuhakiki. Papa Deo alikuwa na utaratibu wa kusoma jedwali kutoka chini kwenda juu, na kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu jicho linalofuata njia lililoizoea halioni shimo. Ufuateni utaratibu huo. Kompyuta zilipokuja, makosa yetu hayakupungua. Yalianza tu kupendeza.

Alinifundisha pia kwamba nafasi tupu, sifuri na kistari ni mambo matatu tofauti. Dereva ambaye hakushiriki raundi huachiwa nafasi tupu. Aliyemaliza bila kupata pointi huandikiwa sifuri. Aliyeanza akashindwa kumaliza huwekewa kistari. Mwanafunzi mvivu huviona vyote kuwa ni "hakupata kitu", na ndivyo anavyoanza kudanganya bila kujua. Mtu aliyepambana na matope ya siku mbili akamaliza wa mwisho hapaswi kufananishwa na yule aliyebaki nyumbani.

Msimu wangu wa tatu ulileta kesi ngumu ya kwanza. Katika raundi ya nchi jirani gari moja lilipinduka korongoni. Orodha yetu, ambayo niliiandaa mimi, ilikuwa na safu moja tu ya majina, ya madereva, kwa sababu majina mawili katika kila mstari yaliubana ukurasa. Simu ya ofisi ililia. Mwanamke mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuwa na adabu, kama mwanawe alikuwamo katika gari lile. Alikuwa msoma ramani, yule anayeketi pembeni na kumtajia dereva kona zinazokuja. Nilipekua makaratasi yote. Sikuwa na jina lake popote. Nikamwambia mama huyo kwamba sijui. Alisubiri kwenye simu kwa muda ambao sitaupima hapa, kisha akakata. Mwanawe alipona, nililijua hilo siku mbili baadaye.

"Ndani ya gari baliko babili," Papa Deo alisema. "Ku karatasi yako iko mumoja. Ule wa pili, ni weye ulimuondosha."

Tangu siku hiyo kurasa zetu zina majina mawili katika kila mstari, hata yabanane. Mtu yeyote asije akawaambia ni suala la urembo.

Papa Deo aliacha kazi macho yalipomchoka, akafariki miaka michache baadaye kwa ugonjwa wa wazee, kitandani mwake, jambo ambalo si wengi wa kizazi chake walijaliwa. Nilirithi meza, rula na sifa yake. Mashindano yalikua. Ofisi kuu ilianza kutuma watu wenye shahada za kupanga kurasa, nao wakaja na kanuni ambayo ninyi bado mnaifuata: kila raundi iwe na tarehe moja tu, nayo ni tarehe ya kumalizika, siku anayopatikana mshindi. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Msimu mzima ulienea katika ukurasa mmoja, mtu aliuona kwa mtazamo mmoja kama anavyoona uzi wa shanga. Niliipenda kanuni hiyo. Nasema niliipenda, si kwamba niliitii. Kurasa zangu zilisifiwa katika mikutano, na mimi ni mtu niliyesoma vya kutosha kujua kinachompata anayependa kusifiwa, lakini si vya kutosha kujizuia.

Nilikuwa nimeacha kwenda sokoni na karatasi. Nilijiambia kwamba sasa nina uzoefu.

Ukaja msimu ambao raundi yetu ilipewa njia mpya: barabara ya vumbi inayoteremka kutoka upande wa Nkungu kuelekea Nyakabuye, yenye kona nyingi na migomba mpaka ukingoni. Kwa raundi hiyo niliandaa hati mbili. Ya kwanza ilikuwa kijitabu cha madereva, ambacho nilikitafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa, kilichoeleza kwamba Jumamosi kuanzia alfajiri madereva wangeruhusiwa kupita njia hiyo kwa magari ya kawaida, kwa mwendo wa wastani, ili kuikagua na kuandika kona zake. Ya pili ilikuwa bango la wananchi, la kubandikwa katika ofisi za serikali za sekta, madukani na vilabuni. Bango nililitoa katika ukurasa wa msimu. Lilikuwa na picha ya gari, jina la njia, na tarehe moja: Jumapili.

Mchapishaji wetu ni Hamza, mtu wa Kamembe, ambaye huniita dada ingawa kanipita umri. Alilitazama bango kabla ya kuwasha mashine.

"Dada, mbona Jumamosi haiko? Ku kile kitabu ya bashofere niliona gari zitapita Jumamosi."

"Jumamosi hakuna mshindi, Hamza. Bango ni la mbio."

"Miye sijue mambo ya bashindi. Ninaona tu hapa chini nafasi iko, ya mustari mumoja."

"Nafasi hiyo ndiyo inayoupa ukurasa pumzi."

"Eh! Sasa karatasi nayo inapumua," alisema akicheka, akawasha mashine.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Hakuna anayeishi hapa asiyejua maana yake: asubuhi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mtaa, watu hutoka na majembe kuzibua mifereji na kufyeka kingo za barabara, na magari hayatembei mpaka kazi iishe. Mtu hujiinamia katikati ya barabara siku hiyo kwa amani ambayo hana siku nyingine yoyote. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilijua pia kwamba madereva wa kigeni wangeanza kukagua njia alfajiri, maana maneno hayo niliyatafsiri kwa kalamu yangu. Nilivijua vyote viwili. Sikuwahi kuvijua kwa wakati mmoja. Katika majedwali yetu kulikuwa na safu ya tarehe, ya kilomita, ya aina ya udongo. Safu ya kuuliza watu wa pale watakuwa wanafanya nini siku hiyo haikuwapo.

Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa ndani ya mfereji wa mtaa wetu Kamembe.

"Madamu, jembe hilo unalishika kama kalamu," jirani yangu alinitania. "Unachimba ama unasahihisha?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na simu ikalia mfukoni. Alikuwa mtu wetu wa Nyakabuye. Alisema gari limeparamia watu wa umuganda kwenye kona. Nakumbuka nilimjibu kwa hasira kwamba haiwezekani, leo magari hayatembei.

Yaliyotokea yalikuwa haya. Gari moja la ukaguzi, la timu ya kigeni, liliondoka mapema na kuingia njiani kwa upande wa juu kabla ya mtu yeyote wa kuwaongoza kufika. Dereva alizidisha mwendo walioruhusiwa. Msoma ramani wake alikuwa ameinamia daftari. Kwenye kona ya tatu kutoka mwisho walikuwapo watu wapatao kumi wakizibua mfereji, migongo yao ikiwa imeelekea barabara, na majembe yakigonga mawe kwa kelele iliyouzima mngurumo wa gari. Mwanamume aitwaye Silasi, kiongozi wa kikundi kile, alifariki pale pale. Mwanamume mwingine alivunjika mbavu. Mwanamke aitwaye Venansiya alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti.

Mbio za Jumapili zilifutwa, na mabango yote yakabanduliwa. Kwenye ukurasa wa msimu niliandika "Imefutwa", na nikaona mkono wangu ukilinganisha neno hilo katikati ya safu.

Juma lililofuata mkurugenzi wa msimu alinipigia kutoka ng'ambo. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionipata bila kinga. Alisema ofisi kuu imehuzunika sana. Kisha akaomba niandae upya bango la Nyakabuye, niongeze chini mstari mmoja kuhusu magari ya ukaguzi ya Jumamosi, "ili msimu ujao watu wawe salama". Nikafikiri: hatimaye, jambo la maana. Niliongeza mstari ule palepale Hamza alipoonyesha kidole. Sikubadilisha namba ya bango wala tarehe ya kuchapishwa, kwa kuwa hakuniambia nibadilishe, nami sikujiuliza kwa nini.

Miezi miwili baadaye Hamza aliingia ofisini mwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliweka mezani nakala ya ripoti ya ofisi kuu, ambayo shemeji yake wa Nyakabuye alipewa mkutanoni. Ripoti ilisema wananchi walitaarifiwa ipasavyo kwamba njia ingetumiwa Jumamosi, na kwamba kiongozi wa kikundi aliwapeleka watu katika barabara hiyo kinyume na tangazo. Ushahidi uliambatishwa: bango langu, lenye mstari wa chini.

"Dada," Hamza alisema, "hii nilichapa lini? Niambie, labda miye ndiye nimesahau."

Alitoa kutoka mfukoni karatasi nyingine, yenye tundu la msumari pembeni. Yeye huhifadhi nakala moja ya kila kazi, akiitundika ukutani. Lilikuwa bango la kwanza, lisilo na Jumamosi.

"Kule banasema Silasi ndiye aliua," aliendelea. "Muke yake, batu hawaende tena kumusaidia ku shamba. Muchele unaiva, yeye anakata peke yake. Fanya vile utafanya. Miye nimekuletea."

Ningependa kuwaambia kwamba niliondoka saa ileile. Nilikaa siku tisa. Nyumbani nina rafu nzima ya vitabu vinavyosema kwamba ukweli ni wajibu, na katika siku hizo tisa niliisoma tena sehemu kubwa, nikitafuta ukurasa unaosema kwamba wajibu huo una likizo. Mwandishi mmoja mwerevu akiwa upande wako anaweza kukuhalalishia chochote. Nilijiambia ofisi kuu ndiyo iliyopotosha, si mimi. Nilijiambia dereva ndiye aliyezidisha mwendo. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokata shuke la mpunga wa yule mjane.

Siku ya kumi nilikodi pikipiki hadi Nyakabuye.

Nilimkuta Esperansi, mke wa Silasi, bondeni, akikata mpunga pamoja na mama mkwe wake aliyekuwa akifanya kazi ameketi. Esperansi amelelewa Bukavu kama Papa Deo, na Kiswahili chake kilinirudisha miaka mingi nyuma. Nilijitambulisha. Hakuacha kukata.

"Weye ndiye maman ya makaratasi," alisema. "Nilifikiri uko muzee."

Nilimweleza kuhusu mabango mawili. Nilipomaliza aliufuta mundu wake kwenye kitenge, akaenda chini ya mgomba alikoacha mkoba, akarudi na daftari la shule. Lilikuwa la Silasi, daftari la kikundi. Alinifungulia ukurasa mmoja. Kwa mwandiko wa mtu asiyeandika kila siku, Silasi alikuwa amepanga: Jumamosi, kuzibua mfereji wa kona ili maji yasiharibu njia kabla ya mbio; Jumapili, watu wote wakae mbali na barabara, mbuzi wafungwe, watoto wapelekwe kwa mzee anayeishi juu mlimani mpaka magari yaishe. Alikuwa amenakili tarehe kutoka kwenye bango langu, akaipigia mistari miwili.

"Nilionyesha batu ba hapa," alisema. "Bakasema aliandika vibaya. Bakasema, bazungu hawawezi kosea tarehe, ni bwana yako." Akalifunga daftari. "Batoto wangu banaulizwa ku masomo: papa yenu aliua ngapi?"

Nilimwambia nitaandika barua ofisi kuu. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Barua itaenda mbali. Miye ninaishi hapa. Siku ya mukutano, kuja, useme mbele ya batu. Hapana kwangu miye. Miye nilikuwa najua."

Mkutano wa wananchi ulifanyika Jumanne, uwanjani karibu na ofisi ya sekta. Uliendeshwa kwa Kinyarwanda. Nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia. Nilisimama na mabango yote mawili, moja mkono wa kulia na jingine wa kushoto, kama muuza vitambaa. Nilikuwa nimeandaa taarifa ya kurasa mbili, iliyopangwa vizuri, nikaanza kuisoma. Mwanamume mmoja alinikatiza kutoka nyuma.

"Siku ya mazishi ulikuwa wapi na karatasi zako?"

Nikasema nilikuwa Kamembe.

"Kamembe ni mbali sana," mwingine alisema. "Mtu anatoka huko akachelewa miezi miwili."

Walicheka kicheko kisicho na furaha. Nikapandisha sauti. Venansiya, aliyekuwa ameketi mbele na gongo lake magotini, akainua mkono.

"Usipige kelele, madamu. Kilichokatwa ni mguu. Masikio yangu ni mazima. Endelea."

Niliendelea. Nilifika mahali nilipoandika kwamba, kwa bahati mbaya, siku ya Jumamosi ilisahauliwa wakati wa kuandaa bango. Esperansi alisimama. Hakuniita madamu wala maman.

"Nina swali moja. Ulipoliandika lile la kwanza, ulijua magari yatapita Jumamosi?"

Katika maisha yangu nimesahihisha maelfu ya kurasa za watu wengine, na hakuna aliyewahi kuweka kidole mahali penye kasoro kwa haraka namna ile. Ningeweza kusema mambo mengi yenye ukweli nusu nusu.

"Nilijua," nilisema.

"Kuna mtu alikukumbusha?"

"Kuna aliyenikumbusha. Nikamwambia ukurasa utaharibika."

"Basi toa hayo ya bahati mbaya. Andika hivyo ulivyosema."

Kiongozi wa mkutano alinipa kalamu. Niliyafuta maneno yale mbele yao na kuandika: nilijua, nilikumbushwa, sikuandika, bango lenye Jumamosi lilitengenezwa baada ya Silasi kufa, nami ndiye niliyelitengeneza. Nikatia sahihi. Daftari la Silasi lilisomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, pamoja na mbuzi na watoto. Yule mwanamume wa mbavu zilizovunjika, aliyekuwa akimlaani Silasi kila mahali, alivua kofia akaishika mikononi mpaka mwisho.

Taarifa hiyo niliituma ofisi kuu, pamoja na nakala kwa wote waliopokea ripoti ya kwanza. Mkurugenzi mpole alinijibu kwa upole kwamba, kwa kuzingatia afya yangu, ingefaa nipumzike. Afya yangu ni njema. Nilikubali, kwa kuwa mtu aliyepanga kurasa kama nilivyozipanga hana haki ya kudai meza. Ripoti yao, mpaka ninapoandika haya, haijarekebishwa. Hilo ni la kwenu sasa. Ukurasa wa msimu ujao uandikeni na siku zote ambazo gurudumu lolote litagusa barabara, hata kama uzi wa shanga utakatika; na kabla ya kuutuma, msomeeni mtu atakayekuwa njiani, mwulizeni siku hiyo atakuwa akifanya nini. Hamza ana nafasi zaidi ukutani kuliko mnavyodhani, na hutundika kila kitu.

Siku mbili baada ya mkutano nilirudi Nyakabuye kumpelekea Esperansi nakala ya taarifa yenye muhuri wa ofisi ya sekta, kwa ajili ya walimu wa watoto wake. Shamba lilikuwa limejaa watu. Nilihesabu migongo ishirini na kitu, wakienda sambamba na kukata kwa mwendo mmoja, wanawake mbele, vijana nyuma wakibeba. Venansiya alikuwa ameketi kwenye tuta, akifunga miganda ya mpunga na kumkemea kila aliyemletea iliyolowa. Yule wa mbavu hakuweza kuinama, kwa hiyo alikuwa amesimama akinoa miundu ya wengine.

Esperansi alikuja mpaka ukingoni, akaipokea karatasi, akaisoma yote. Akaikunja, akaichomeka kiunoni ndani ya kitenge, akarudi mahali pake kwenye mstari. Hakunikaribisha. Nilisimama pale kwa muda. Watu walikuwa wa kutosha na kazi ilikuwa ikienda. Nikageuka nikaanza kupanda barabara kwa miguu, nikitembea ukingoni kabisa.